Ndege ya Zamani na Mabadiliko Yasiyo na Karatasi

Mazungumzo ya leo yanahusu ndege. Si yale madege makubwa yanayobeba mamia ya abiria, bali ndege ndogo za zamani, za viti viwili au vinne, zilizotoka kiwandani miaka ya 1930 na 1940 na ambazo mpaka leo zinaruka.

Swali letu ni hili. Mtu amenunua ndege ya namna hiyo. Ameipeleka kwa fundi kwa ukaguzi wa mwaka. Fundi anaizunguka, anafungua vifuniko, anachungulia ndani kwa tochi, kisha anamwita mwenyewe pembeni. Anamwambia injini hii siyo aina iliyokuja nayo. Breki zimebadilishwa. Kuna tangi la mafuta limeongezwa ndani ya bawa. Na katika madaftari yote ya ndege hii hakuna hata mstari mmoja unaotaja kazi hizo. Nani alizifanya? Hajulikani. Lini? Haijulikani. Kwa kufuata mchoro wa nani? Hilo nalo halijulikani. Lakini ndege inaruka vizuri kabisa!

Sasa mwenye ndege afanye nini? Akae kimya? Aiuze haraka kwa mwingine? Au kuna njia halali ya kutoka katika shimo hilo?

Njia ipo, wasikilizaji. Ni ndefu kidogo, lakini ipo. Tutaifuata nchini Marekani, kwa sababu huko ndiko kwenye ndege nyingi za aina hii, na sheria zake zimeandikwa wazi kila mtu azisome. Mwishoni tutarudi nyumbani Afrika Mashariki, maana ndege nyingi ndogo zinazoruka kwetu zilizaliwa huko huko.

Tuanze na ndege yenyewe. Tuchukue moja inayojulikana kuliko zote: Piper J-3 Cub. Huenda msikilizaji ameiona pichani. Ni ya njano, ina mstari mweusi ubavuni na bawa refu juu ya kichwa cha rubani. Ilitengenezwa katika mji wa Lock Haven, jimbo la Pennsylvania, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930 hadi 1947, na zilitoka karibu 20,000. Kiwiliwili chake ni fremu ya mabomba ya chuma yaliyochomelewa, kisha ikavikwa kitambaa cha pamba kilichopakwa rangi maalumu ya kukikaza. Injini iliyozoeleka ni ya nguvu za farasi 65. Betri haina. Stata haina. Anayetaka kuiwasha husimama mbele na kuizungusha propela kwa mkono. Uzito wote unaoruhusiwa, ukijumlisha ndege, watu, mafuta na mizigo, ni pauni 1,220, yaani kama kilo 553.

Ndege nyepesi hivyo, rahisi hivyo, inamshawishi kila mwenye spana. Cub iliyouzwa mwaka 1946 imepita mikononi mwa watu wengi. Mmoja alichoka kuzungusha propela, akafunga betri na stata. Mwingine aliona farasi 65 hawatoshi kuondoka kwenye kiwanja cha mlimani, akaweka injini ya farasi 85. Wa Alaska alitaka kutua kwenye kokoto za mtoni, akavalisha matairi manene. Mwingine alichoka kushonea pamba kila baada ya miaka kadhaa, akavalisha kitambaa cha poliesta. Kuna aliyebadilisha gurudumu la mkia, kuna aliyefunga mikanda ya mabegani, kuna aliyeweka redio.

Je, wote hao walikuwa wavunja sheria? La hasha. Wengi walifanya kazi nzuri, na wengine waliiandika kazi yao vizuri, ila daftari likaungua moto, likaliwa na panya, au likabaki kwenye sanduku la marehemu ambalo watoto wake walilitupa. Na kuna ambao kweli hawakuandika chochote. Vyovyote ilivyokuwa, mzigo humwangukia mmiliki wa leo. Hilo tuliweke moyoni mapema: sheria ya Marekani inamtaja mwenye ndege au anayeiendesha kuwa mwenye jukumu la kwanza la kuiweka katika hali ya kustahili kuruka. Haimtafuti yule aliyeibadilisha mwaka 1952.

Na kustahili kuruka maana yake ni nini? Hapa watu wengi huteleza. Wanadhani ndege ikiwa nzima, imara, injini inanguruma bila kukohoa, basi inastahili. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, inayojulikana kwa herufi FAA, inataka mambo mawili kwa pamoja. La kwanza, ndege iwe katika hali salama ya kuruka. La pili, ndege ilingane na muundo ulioidhinishwa wa aina yake, pamoja na mabadiliko yoyote yaliyokubaliwa rasmi. Moja likikosekana, ndege haistahili, hata kama lile jingine limetimia kwa asilimia mia.

Mwenye gari analijua jambo hili. Akifunga injini nyingine na namba yake isilingane na iliyoandikwa kwenye kadi, siku ya kuuza atakuwa na maswali ya kujibu, hata kama gari linapanda mlima wa Sekenke bila kuhema. Tofauti ni kwamba gari likizimika, dereva huliegesha kando ya barabara.

Sasa, kuna msikilizaji atauliza: hizi karatasi si urasimu tu? Kazi ikiwa nzuri, karatasi ina faida gani? Swali la haki. Hebu tulijibu kwa mikasa miwili ya kweli.

Mkasa wa kwanza. Tarehe 16 Septemba 2011, mjini Reno, jimbo la Nevada, yalikuwa yakifanyika mashindano ya kitaifa ya mbio za ndege. Miongoni mwa zilizoshindana ilikuwamo ndege ya kivita ya aina ya P-51D, ya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, iliyopewa jina la The Galloping Ghost. Rubani wake alikuwa Jimmy Leeward, mzee mwenye uzoefu mkubwa. Ndege hiyo ilikuwa imebadilishwa mno ili iongeze kasi. Mabawa yalifupishwa, mfumo wa kupoza injini ukawa mwingine, na sehemu za mkia zikarekebishwa. Ikiwa katika kasi kubwa, kibao kidogo cha mkiani kinachomsaidia rubani kusawazisha pua kilianza kutetemeka hadi kikavunjika. Ndege ilipanda ghafla, kisha ikaanguka mbele ya watazamaji. Watu 11 walikufa, rubani akiwa mmoja wao, na zaidi ya 60 walijeruhiwa.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ilichunguza. Ilikuta kwamba nati za kufungia kibao hicho zilikuwa zimechakaa, skrubu zikalegea. Lakini haikuishia hapo. Ilitaja pia, miongoni mwa yaliyochangia, mabadiliko makubwa yaliyofanywa bila kuandikwa na bila kujaribiwa. Msikilizaji asikie tena: bila kuandikwa, na bila kujaribiwa. Mambo hayo mawili hutembea pamoja, kwa sababu kazi isiyoandikwa haimpi mhandisi mwingine nafasi ya kuikokotoa na kuuliza, hii ikifika kasi fulani itakuwaje?

Mkasa wa pili unamhusu mwanamuziki maarufu wa Marekani, John Denver. Tarehe 12 Oktoba 1997 alianguka baharini katika ghuba ya Monterey, California, akiwa peke yake katika ndege ndogo ya aina ya Long-EZ, ambayo alikuwa ndiyo kwanza ameinunua. Ndege hiyo ilijengwa na mtu binafsi kwa kufuata ramani. Kwenye ramani, kishikio cha kuchagua tangi la mafuta kilipangwa kukaa mahali ambapo rubani anakifikia kirahisi, katikati ya miguu. Mjenzi akakihamishia nyuma ya bega la kushoto. Ili kukizungusha, rubani alilazimika kugeuka kwenye kiti. Wachunguzi walikitaja kishikio hicho, kilichokuwa mahali pagumu kufikika na kisicho na alama, miongoni mwa sababu, pamoja na maandalizi hafifu kabla ya kuruka na mafunzo yasiyotosha kwa aina ile ya ndege.

Hatuna budi kuwa wakweli hapa. Ndege za kujijengea zina sheria zake, zilizo nyepesi kuliko za Cub, na mjenzi ana uhuru wa kuziacha ramani. Lakini somo linabaki. Badiliko linaloonekana dogo kwa aliyelifanya laweza kuwa kubwa kwa anayelirithi.

Basi tumeona kwa nini karatasi ina maana. Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe: mwenye Cub aliyeambiwa maneno yale na fundi aanzie wapi?

Kabla ya yote, ajue kwamba mabadiliko hayafanani. Kuna madogo na kuna makubwa. Makubwa ni yale yanayoweza kugusa kwa kiasi cha maana uzito, ulinganifu, nguvu ya mwili wa ndege, uwezo wake, utendaji wa injini, au tabia yake angani. Pia yale ambayo hayawezi kufanywa kwa njia za kawaida za ufundi. Injini tofauti ni badiliko kubwa. Tangi la ziada ndani ya bawa ni kubwa. Madogo yanamalizwa na fundi mwenye leseni kwa kuandika kwenye daftari la ndege: nini kimefanyika, tarehe gani, sahihi na namba ya leseni yake. Kwa hiyo hatua ya awali ni kukaa na fundi na kuigawa orodha mafungu mawili. Mara nyingi hofu hupungua papo hapo, kwa kuwa nusu ya orodha hugeuka kuwa mambo madogo.

Kwa yale makubwa, kuna kazi nne. Tuzitaje ili zikae kichwani: kutafuta, kulinganisha, kupima, na kuandika.

Ya kwanza ni kutafuta. Watu wengi wanakata tamaa kwa sababu hawakuona kitu kwenye madaftari waliyopewa na muuzaji. Lakini madaftari siyo kumbukumbu pekee. Nchini Marekani, badiliko kubwa huandikwa kwenye karatasi inayoitwa Fomu 337. Nakala moja hupewa mwenye ndege, na nyingine hupelekwa serikalini, katika ofisi ya usajili wa ndege iliyoko Oklahoma City. Ofisi hiyo ina faili la kila ndege, kwa namba yake ya usajili. Kwa ada ndogo, mtu yeyote anaweza kuagiza nakala ya faili zima. Ni jambo la kawaida kwa faili hilo kufika na kuonyesha kwamba tangi lililodhaniwa haramu liliidhinishwa miongo mingi iliyopita, na aliyepoteza nakala yake ni mwenye ndege, si serikali.

Mahali pengine pa kutafuta ni kwenye waraka wa aina ya ndege wenyewe. Cub ina waraka wake wa serikali, namba A-691. Nyaraka za ndege zilizoidhinishwa kabla ya 1958 zina uzuri mmoja: nyingi zinaorodhesha vifaa vinavyokubalika, kama vile propela, magurudumu, breki na skii za kutulia juu ya theluji. Kifaa kikiwa kwenye orodha hiyo, na kimefungwa inavyotakiwa, mjadala umekwisha. Na mahali pa tatu ni ndani ya ndege. Kitambaa cha poliesta, kwa mfano, mara nyingi hubeba muhuri wa mtengenezaji upande wa ndani. Fundi huingiza kioo kidogo kupitia kifuniko cha ukaguzi na kuusoma. Muhuri huo humsaidia kujua ni mfumo gani ulitumika, na mfumo ukijulikana, kibali chake hujulikana.

Kazi ya pili ni kulinganisha, nayo ndiyo moyo wa jambo lote. Watu husema, nitajaza Fomu 337 nimalize. Hapana. Fomu 337 peke yake siyo kibali. Ni kumbukumbu ya kazi. Kinachotakiwa ni kile ambacho fomu inakitegemea: data iliyoidhinishwa. Yaani mchoro, hesabu au maelekezo ambayo serikali imeyakubali, yanayoonyesha kwamba badiliko hili kwenye ndege ya aina hii ni salama. Je, data hiyo inapatikana wapi?

Chanzo cha kwanza, na mara nyingi chepesi, ni cheti cha nyongeza. Kuna mtu au kampuni iliyokwisha kufanya kazi yote ya uhandisi na majaribio, ikapewa na FAA cheti cha kufunga kifaa fulani kwenye ndege ya aina fulani. Kwa Cub vyeti hivyo ni vingi: vya injini kubwa zaidi, vya matangi ya mabawani, vya breki za diski, vya vitambaa vya kisasa. Mwenye ndege huwasiliana na mwenye cheti, hulipia, na hupewa ruhusa kwa maandishi. Ruhusa hiyo ni ya lazima kisheria. Kupiga fotokopi cheti cha jirani hakutoshi. Kisha fundi hulinganisha kilichomo ndani ya ndege na kilichomo kwenye michoro, boliti kwa boliti. Kikitofautiana, kinarekebishwa mpaka kilingane.

Chanzo cha pili ni mhandisi aliyeteuliwa na FAA kuidhinisha data kwa niaba yake. Huyu hulipwa na mwenye ndege, huja akakagua, hufanya hesabu zake, na hutoa waraka wenye sahihi. Chanzo cha tatu ni kuomba idhini ya mkaguzi wa FAA katika ofisi ya eneo, kwa ndege hiyo moja tu. Hapo mwombaji anapeleka michoro, picha, hesabu za uzito na maelezo ya jinsi kifaa kitakavyokaguliwa siku zijazo. Mkaguzi anaweza kukubali, anaweza kuomba zaidi, anaweza kusema jambo hili ni zito, lipelekwe kwa wahandisi. Wanaofanikiwa ni wale wanaokwenda kwake kabla ya kuanza marekebisho, wakiwa na faili nadhifu, badala ya kumwekea mezani marekebisho yaliyokwisha fanyika na kudai sahihi.

Na kuna chanzo cha nne ambacho wapenzi wa ndege za zamani wanakithamini kama dhahabu. Fomu 337 iliyoidhinishwa na mkaguzi wa serikali kabla ya tarehe 1 Oktoba 1955 inahesabika kuwa data iliyoidhinishwa. Kwa hiyo fomu ya Cub ya mtu mwingine ya mwaka 1949, kwa badiliko lile lile kwenye modeli ile ile, inaweza kuiokoa Cub ya leo. Fomu za baada ya tarehe hiyo ni mfano mzuri wa kumwonyesha mkaguzi, lakini kwa kawaida kibali chake ni cha ndege ile moja. Ndiyo maana vyama vya wamiliki wa ndege za zamani hutunza na kubadilishana nakala hizo.

Je, kama mtengenezaji alikufa zamani na michoro yake imefungiwa kabatini? Kisa kimoja kilifika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Greg Herrick alikuwa na ndege ya Fairchild F-45, ya miaka ya 1930. Aliiomba FAA nyaraka za kiufundi zimsaidie kuirejesha katika hali yake. Akakataliwa, kwa hoja kwamba ni siri za kibiashara. Alikwenda mahakamani, akashindwa. Rafiki yake, Brent Taylor, akaomba nyaraka hizo hizo na kufungua kesi yake mwenyewe, lakini mahakama za chini zikasema kesi hiyo ilikwisha amuliwa kupitia rafiki yake. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ilikataa hoja hiyo ya kumfunga mtu kwa kesi ambayo hakuwamo. Na mwaka 2012 Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kinachoiruhusu FAA kutoa data za vyeti vilivyotelekezwa, iwapo mwenye cheti hapatikani na kutoa data hizo kutasaidia usalama. Unaona, msikilizaji, mtu anavyoweza kuhangaikia karatasi!

Tuendelee. Kazi ya tatu ni kupima. Cub ina jambo la ajabu kidogo: rubani akiwa peke yake hukaa kiti cha nyuma. Kwa nini? Kwa sababu ya ulinganifu. Akikaa mbele bila mtu nyuma, kitovu cha uzito husogea mbele kupita kiasi. Sasa fikirini mtu aliyefunga injini nzito zaidi na stata puani, kisha betri mahali pengine, na wa tatu akaongeza matangi mabawani, na hakuna aliyepima. Karatasi ya uzito iliyomo ndani ya ndege inasema jambo moja, mizani itasema jingine. Dawa yake ni kuiweka ndege juu ya mizani, gurudumu kwa gurudumu, na kuanza hesabu upya. Hapo ndipo wengine hugundua kwamba, kwa vitu vyote vilivyoongezwa, uzito uliobaki hautoshi watu wawili na tangi lililojaa.

Na hapo linaingia wazo ambalo watu hulisahau: si lazima kila badiliko liidhinishwe. Jingine dawa yake ni kuling'oa. Redio ya zamani isiyofanya kazi, taa ambayo hakuna anayeitumia, kifaa ambacho hakina data popote: kikiondolewa na ndege ikarudi kama ilivyoidhinishwa, fundi anaandika kwamba kimeondolewa, na orodha imepungua. Wakati mwingine siku moja ya kufungua boliti huokoa miezi ya barua.

Kazi ya nne ni kuandika, na kuandika ukweli. Fundi mwenye idhini ya ukaguzi anaweza kujaza Fomu 337 mpya kwa badiliko alilolikuta. Anaeleza amekuta nini, amelinganisha na data gani, amerekebisha nini, na ndege ina uzito gani sasa. Hawezi kujifanya yeye ndiye aliyeifanya kazi mwaka 1960, wala kuandika tarehe ya zamani. Kughushi kumbukumbu za matengenezo ni kosa linaloweza kumpotezea leseni yake. Ndani ya saa 48 tangu ndege iruhusiwe kurudi angani, nakala hutumwa serikalini, na faili la Oklahoma City linapata ukurasa ambao mmiliki ajaye ataukuta.

Na je, katika kipindi hicho chote ndege ikae tu? Ikiwa iko mbali na karakana, FAA inaweza kutoa ruhusa maalumu ya safari moja, ikishahakikishiwa kwamba ndege iko salama kwa safari hiyo. Bila ruhusa hiyo, hairuhusiwi kuruka, na kampuni ya bima huenda ikawa ya kwanza kulikumbusha hilo baada ya ajali.

Turudi nyumbani sasa. Kuna anayesema, haya ni ya Wamarekani, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Anayepita Uwanja wa Wilson jijini Nairobi au kiwanja cha Arusha ataona Cessna na Piper zilizotengenezwa Marekani, nyingine zikiwa na umri mkubwa kuliko marubani wake. Super Cub, mdogo wake J-3 aliyezaliwa mwaka 1949, imetumika miaka mingi katika doria za kulinda wanyamapori nchini Kenya.

Ndege iliyosajiliwa kwa herufi 5Y iko chini ya mamlaka ya Kenya, yenye 5H iko chini ya Tanzania, na yenye 5X iko chini ya Uganda. Kila mamlaka ina kanuni zake za mabadiliko, na Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki ina chombo chake cha kuoanisha usalama wa anga, CASSOA, chenye makao Entebbe. Lakini muundo wa ndege ni wa nchi iliyoibuni. Kwa hiyo mkaguzi wa Nairobi au Dar es Salaam akikuta tangi la ziada ndani ya Piper, swali lake ni lile lile la Marekani: data iko wapi? Na anayeagiza ndege kutoka Marekani hukutana na swali hilo mapema, wakati wa kuombewa cheti cha usafirishaji nje, kwa kuwa ndege hukaguliwa kama inalingana na muundo wake.

Tujumlishe basi. Mabadiliko yasiyo na karatasi si mwisho wa ndege. Tenganisha madogo na makubwa. Kwa makubwa, tafuta kumbukumbu, linganisha na data iliyoidhinishwa, pima uzito upya, andika ukweli. Kisichopata data, king'olewe. Na mkaguzi aonwe mapema, kabla spana haijashikwa.

Kwa anayekaribia kununua ndege ya zamani, ombi ni moja: kabla ya kulipa hata shilingi, agiza faili la ndege kutoka ofisi ya usajili, mpe fundi asiyemjua muuzaji, na umwombe alisome akiwa amesimama kando ya ndege yenyewe, akilinganisha ukurasa na chuma. Asichokiona kwenye faili kiingie kwenye bei, au kimalizwe na muuzaji kwa gharama zake.